Tropical Weather Outlook ya NHC: huduma ya bure inayokuonyesha kimbunga kikiwa bado ni radi za Kansas

Wakuu habari za mihangaiko. Leo nawapa tathmini ya huduma moja ambayo madereva wengi tunaoongea Kiswahili huku Texas na Louisiana hatuitumii, au tunaifungua siku ambayo kimbunga kishapewa jina, maji ya chupa yameisha madukani na foleni ya mafuta ishatoka hadi barabarani. Inaitwa Tropical Weather Outlook, inatolewa na National Hurricane Center, wale wa Miami, NHC kwa kifupi. Ni bure kabisa, haina matangazo, haitaki ujisajili wala haikuombi namba ya simu. Unaandika hurricanes.gov na ramani inakuja hapo hapo. Mimi naipa nyota 4 na nusu kati ya 5, na ile nusu niliyoibana nitawaambia kwa nini.

Ramani yenyewe inachukua Atlantiki nzima, kuanzia pwani ya Afrika Magharibi mpaka Texas na Mexico, na ipo nyingine ya Pasifiki ya mashariki. Juu yake wanapaka rangi. Njano maana yake nafasi ya dhoruba kutengenezeka iko chini ya asilimia 40, rangi ya chungwa ni 40 hadi 60, nyekundu ni zaidi ya 60. Ukiona alama ya X ujue hapo ndo mfumo, yaani kundi la mawingu na mvua wanalolifuatilia, ulipo sasa hivi, na lile eneo lililopakwa rangi ni pale wanapoona unaweza kutengenezekea, mara nyingine kuna mshale unatoka kwenye X kwenda kwenye eneo. Ziko ramani za siku 2 na za siku 7, hizo za siku 7 zilianza 2023, kabla ya hapo mwisho ilikuwa siku 5. Kuanzia 15 Mei mpaka 30 Novemba wanatoa mpya mara 4 kila siku, kwa saa za Houston ni saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 jioni na saa 7 usiku, na huwa wanafuata muda.

Ila ramani ni kivutio tu, bidhaa yenyewe ni maandishi yaliyo chini. Aya fupi fupi, kila mfumo na aya yake: upo wapi, unaelekea wapi, nini kinausaidia, nini kinaukwamisha, halafu mwisho nafasi ya saa 48 na nafasi ya siku 7 kwa asilimia. Hayana uzito wowote kwenye mtandao, hata ukiwa umepaki sehemu ambayo simu inashika kamstari kamoja yanafunguka, wakati zile apu zenye upepo unaotembea kwa rangi rangi zinazunguka tu na kumaliza chaji. Kwa mtu ambaye anaamua asubuhi kama anakubali mzigo wa kwenda Lake Charles au anamwambia dispacha ampe wa kwenda kaskazini, hayo maandishi ni pesa kabisa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niiheshimu hii huduma kuliko zingine zote. Kuna siku X inawekwa juu ya nchi kavu. Sio baharini, nchi kavu kabisa, huko Georgia au Alabama, na mshale unashuka kusini kwenye Ghuba ya Mexico. Watu wengi wakiona hivyo wanapita tu, maana sote tumezoea kwamba kimbunga kinazaliwa baharini huko mbali, kinakuja polepole siku nyingi, tunakuwa na wiki nzima ya kujadiliana na mama watoto kama tunahama au tunabaki. Hivi vya nchi kavu havikupi hiyo wiki. Vinazaliwa mlangoni, vinashuka majini, na ndani ya siku mbili tatu vimerudi juu ya nchi vikiwa na jina.

Naomba nieleze vinavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa hata yale maandishi yao utayasoma kwa jicho lingine.

Anayekatiza barabara kuu ya I-35 mwezi wa 6 na wa 7 akalala Wichita au Oklahoma City anajua radi za kule zinavyopiga usiku. Mchana unaona mawingu yamesimama moja moja kwa mbali, meupe juu kabisa, chini meusi, na ule uwanda uliotandazwa juu kama fuawe. Jua likizama unadhani yatatulia, kumbe ndo yanaanza. Sababu ni kwamba usiku upepo wa chini unaotoka Ghuba, ule unaopita urefu wa nusu kilomita hadi kilomita moja hivi kutoka ardhini, unaongeza kasi, na unabeba unyevunyevu wa bahari kuupeleka mpaka Kansas na Nebraska. Zile radi zilizokuwa zimetawanyika zinapata chakula, zinaungana, usiku wa manane unakuta sio wingu tena ni kundi moja lenye urefu wa mamia ya kilomita linatembea kuelekea mashariki au kusini mashariki, mbele mvua kali na upepo wa kuangusha trela tupu, nyuma yake mvua ya taratibu inayonyesha masaa na masaa.

Hiyo mvua ya nyuma, ile ya taratibu ambayo hakuna anayeiogopa, ndo inayotengeneza mbegu. Mvuke ukigeuka kuwa maji unatoa joto, mtu yeyote aliyefunua sufuria ya wali mvuke ukamgonga mkono analijua hilo joto. Kwenye kundi kubwa kama lile joto linatolewa kwa wingi huko juu kilomita kadhaa, hewa ya pale inatanuka, mgandamizo unashuka katikati, na hewa ya pembeni inavutwa kuja kuziba. Na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haifiki kwa mstari ulionyooka, inapinda, inaanza kuzunguka. Likipewa masaa ya kutosha unapata duara la upepo lenye upana wa kilomita mia au mia mbili hivi, limekaa kwenye tumbo la hewa, kilomita 3 mpaka 5 juu ya vichwa vyetu. Wataalamu wanaliita MCV, kifupi cha mesoscale convective vortex.

Asubuhi radi zinakufa. Mvua inakatika, jua linatoka, watu wa Kansas wanakwenda kuangalia mabati yao na wanasema imepita. Ukifungua picha ya setilaiti ya mchana wa siku hiyo ndo unaona kitu cha ajabu, mawingu mepesi tu yamebaki, lakini yamejipinda kwa duara, yanazunguka kinyume cha saa taratibu juu ya mashamba ya ngano. Hakuna mvua, hakuna radi, lakini mzunguko upo na unatembea. Jioni joto la mchana likipanda, radi mpya zinawaka karibu na katikati ya hilo duara, zinatoa joto lingine, duara linapata nguvu ya siku nyingine. Linaweza kwenda hivyo siku kadhaa, radi za usiku zinalilisha, asubuhi zinalala, linasogea.

Mengi yanaishia njiani, na hili lazima niliseme vizuri ili mtu asianze kukimbia kila radi ikipiga Arkansas. Nchi kavu ina mambo mawili yanayoliua. Ardhi, miti na vilima vinauvuta upepo wa chini upoteze kasi, na unyevu wa kuendelea kulisha hautoshi. Halafu mvua ya radi ikinyesha inashusha hewa baridi mpaka chini, inakuwa umetandika zulia la ubaridi juu ya ardhi na mzunguko unabaki juu, haugusi chini. Kimbunga hakiwezi kuwa kimbunga mpaka mzunguko ufike usoni pa maji.

Likibahatika kushuka Ghuba mwezi wa 7 mambo yanageuka. Maji ya pale yanakuwa na karibu nyuzi 30, na kiwango ambacho kwa kawaida kinahitajika ni nyuzi 26 na nusu hivi. Bahari inaipasha ile hewa baridi ya chini na kuinywesha mvuke, uso wa maji hauvuti upepo kama ardhi inavyovuta, radi sasa zinawaka usiku na mchana bila kupumzika, na mzunguko unajengeka kushuka chini mpaka unagusa maji. Kama upepo wa juu hautofautiani sana na wa chini, yaani hakuna upepo wa kuzikata kichwa zile radi, basi hapo ndo X ya njano inageuka chungwa, chungwa inageuka nyekundu, na wewe uliyekuwa unasoma maandishi tangu mwanzo umeshajua zamani.

Mfano ninaoutoa kila siku kwa wenzangu ni Barry ya 2019. Mbegu yake ni MCV iliyotokea Kansas tarehe 2 Julai. Kansas jamani, katikati ya nchi, huwezi kusikia hata harufu ya bahari. Ikazurura siku kadhaa kuelekea mashariki, ikazungukia kusini mashariki mwa Marekani, na tarehe 10 Julai ikatokeza Ghuba kupitia upande wa Florida kaskazini magharibi. Tarehe 11 ikapewa jina, tarehe 13 ikafikia kiwango cha kimbunga cha daraja la 1 (madaraja ni 5, la 5 ndo kali kuliko yote) chenye upepo wa kilomita 120 kwa saa na siku hiyo hiyo ikaingia pwani ya Louisiana. Hesabu mwenyewe: toka igusie maji hadi irudi nchi kavu ikiwa kimbunga ni siku 3.

NHC hawakuisubiri majini. Kwenye maandishi yao walikuwa wanautaja huo mfumo kama mkanda wa mgandamizo mdogo wa hewa ukiwa bado uko juu ya nchi kavu, wanasema unashuka kuelekea kaskazini mashariki mwa Ghuba na kwamba utatengeneza kitu pale. Aliyekuwa anasoma ile aya kila asubuhi alikuwa na siku za ziada ambazo aliyekuwa anasubiri jina hakuwa nazo. Kwa kazi yetu hizo siku ni tofauti kati ya kuwa Baton Rouge una mzigo wa watu na kuwa Dallas umepaki unakunywa chai.

Na tarehe 10 walifanya kitu kingine ambacho naona wengi hawakijui. Tangu 2017 NHC wanaruhusiwa kutoa tahadhari kamili kwa mfumo ambao bado haujawa dhoruba, ilimradi unatishia nchi kavu ndani ya muda mfupi. Zamani ilibidi wasubiri mpaka itengenezeke, na kwa hivi vya kuzaliwa mlangoni kusubiri kulikuwa kunakula muda wote wa kujiandaa. Barry ilipata ramani ya njia na tahadhari za pwani ikiwa bado inaitwa tu kwa namba, Namba Mbili, haina jina. Kwangu mimi hicho ni kitu kikubwa kuliko hata rangi za ramani.

Ila sasa hapa hapa kwenye Barry ndo penye ile nusu nyota.

Tarehe 10 Julai asubuhi, Barry haijawa chochote, New Orleans ilipigwa na mvua ya inchi 6 mpaka 9 kwa baadhi ya maeneo, yaani milimita 150 hadi 230, ndani ya masaa machache. Mitaa ikajaa, magari yakaelea, maji yakaingia kwenye nyumba na maduka. Hizo zilikuwa radi za ule ule mfumo. Ukiangalia Outlook ya muda huo inakuambia nafasi ya dhoruba kutengenezeka ni kubwa, lakini haikuambii kwamba barabara yako inazama sasa hivi. Na hii sio bahati mbaya ya siku moja, ndivyo bidhaa ilivyoundwa: ile asilimia inajibu swali moja tu, je itatengenezeka kuwa dhoruba ya kitropiki au la. Haisemi mvua ngapi, haisemi ni hatari kiasi gani. Mfumo wenye asilimia 20 unaweza kukufurikisha mpaka dirishani na wenye asilimia 90 ukaenda kufia baharini bila kumgusa mtu. Mimi nimesikia watu kabisa wanasema aah ni njano tu hiyo, wanaingia barabarani na trela. Njano haina maana ya salama. Naona lingekuwepo neno moja kubwa pale juu ya ramani la kuwakumbusha watu hilo, maana mtu wa kawaida akiona rangi akili yake inasoma hatari.

Dawa yake ni kufungua ukurasa wa pili pembeni, wa Weather Prediction Center, ndugu zao hao hao wa serikali. Hao wana ramani ya mvua za kupita kiasi, yenye ngazi 4 za hatari ya mafuriko, na haijali kama mfumo una jina au hauna. Mimi nafungua zote mbili, Outlook kujua kama kuna kitu kinakuja, hiyo ya mvua kujua barabara gani niikwepe. Pamoja zinakamilika.

Barry iliendelea kuthibitisha hilo hadi mwisho. Upepo wa juu ulikuwa unasukuma kutoka kaskazini, radi zote zikawa zimelala upande wa kusini wa duara, kaskazini kukavu kabisa. Kilipoingia nchi kavu watu wa ndani ya Louisiana wakawa wanashangaa kimbunga gani hiki hakina mvua. New Orleans ilikuwa na hofu kubwa kwa sababu mto Mississippi ulikuwa umejaa kwa miezi mingi mfululizo, uko karibu futi 16 pale mjini, utabiri wa mwanzo ukasema maji ya bahari yatausukuma ufike futi 20, baadaye ukashushwa na matuta ya kuzuia mto yakashika. Halafu mvua yenyewe ikaja kunyesha mbele huko, Dierks, Arkansas walipata inchi 16.59, milimita 421, rekodi ya jimbo zima kwa mvua ya kimbunga. Arkansas hawana hata bahari.

Na msidhani Barry ni ajabu lililotokea mara moja. Danny ya Julai 1997 ilianza vile vile, kundi la radi kwenye bonde la chini la Mississippi likateremka Ghuba, likapata maji ya moto na upepo mtulivu, likawa kimbunga. Danny ndo kimbunga pekee kilichoingia Marekani bara mwaka ule, na kikakaa Mobile Bay kama kimepaki, pale Dauphin Island, Alabama wakapimiwa inchi 36.71 za mvua, hiyo ni milimita 932. Mlio nyumbani mnaweza kulinganisha, kuna sehemu nyingi za bara Tanzania ambazo hazipati hiyo kwa mwaka mzima. Nawaambia madereva wenzangu wa I-10 pale Mobile kwamba daraja la 1 lililosimama ni baya kuliko la 3 linalopita mbio, angalieni kasi ya kusogea, sio upepo tu. Outlook na tahadhari zao zote zinaandika mfumo unasogea upande gani na kwa haraka gani, someni huo mstari.

Kitu kingine ninachokipenda ni kwamba ramani inaanzia Afrika. Utaona mara nyingi mwezi wa 8 na wa 9 eneo la njano limegusana na pwani ya Senegal. Hiyo nayo ni habari ya radi za nchi kavu, tena ni kubwa kuliko ya Kansas. Radi zinawaka mchana juu ya milima ya Ethiopia na ile ya Darfur, zinaingia kwenye mkondo wa upepo unaopita juu ya Sahel, kilomita 3 au 4 hivi kwenda juu, unavuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Mkondo huo unajikunja mawimbi, kila siku 3 mpaka 5 wimbi moja, na kila wimbi linatembea na makundi yake ya radi kupitia Chad, Niger, Mali, mpaka linatoka baharini upande wa Senegal na visiwa vya Cabo Verde. Kwa msimu yanatoka kama mawimbi 60 na walio wengi hawafanyi kitu, lakini vile vimbunga vikubwa kabisa vya Atlantiki, daraja la 3 kwenda juu, kama asilimia 85 vinatokana na mawimbi hayo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaokaa Houston tunapigwa na upepo ambao baba yake alianzia jirani na kwetu, hili huwa linanigusa kila nikiangalia ile ramani.

Beryl ya 2024 ilitoka huko huko. Wimbi la Afrika, mwishoni mwa Juni likawa dhoruba katikati ya Atlantiki, 1 Julai likapiga kisiwa cha Carriacou kule Grenada likiwa daraja la 4, tarehe 2 likafika daraja la 5, hakuna kimbunga cha Atlantiki kwenye kumbukumbu kilichowahi kufika daraja hilo mapema hivyo kwenye mwaka. Halafu 8 Julai likaingia Texas karibu na Matagorda likiwa daraja la 1 na wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na vitongoji vyake wakakatikiwa umeme kwenye joto lile. Mtaani kwetu giza lilikaa siku nyingi, wazee walikuwa wanalala kwenye magari ili wapate kiyoyozi. Waliojaza mafuta mapema ndo waliolala hivyo, na waliojaza mapema ni wale walioanza kulifuatilia wimbi lilipokuwa bado ni doa la njano huko mbali.

Kwa anayetaka kuzama zaidi, kwenye tovuti hiyo hiyo kuna taarifa nyingine inaitwa Tropical Weather Discussion, ndefu, inaorodhesha kila wimbi linalotembea hata lisilokuwa na matumaini yoyote. Ni ya wataalamu, mimi naisoma nikiwa nasubiri kupakuliwa mzigo. Na msimu ukiisha wanaandika ripoti kamili ya kila kimbunga, mbegu yake ilitoka wapi, utabiri wao ulikosea kwa kiasi gani, kila kitu, wanajipima wenyewe mbele za watu. Taasisi inayochapisha makosa yake kwa tarakimu ninaiamini.

Kilichobaki cha kulalamikia ni lugha. Kingereza kipo, Kihispania kipo, Kiswahili hakipo. Houston pekee ina Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya kibao, na wapo wamama ambao Kingereza chao ni cha dukani tu, wakati wa Beryl walikuwa wanategemea sauti za WhatsApp ambazo hujui nani kazirekodi wala lini. Anayejua Kingereza aisome aya ya saa 1 asubuhi awatumie sauti ya nusu dakika kwenye grupu la familia, ataje na saa ya taarifa ili watu wasisambaze ya jana. Ni aya tatu tu, haichukui muda.

Halafu kuna ndugu wameniuliza kama wanaweza kuitumia wakiwa Dar, Mombasa au Muscat. Hapana, NHC hawahusiki na Bahari ya Hindi. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi wanaoangalia ni Météo-France wa Réunion, na kwa Tanzania tahadhari rasmi ni za TMA. Kaskazini, Bahari ya Uarabuni na Ghuba ya Bengal, ni idara ya hali ya hewa ya India kutoka New Delhi. Lakini tabia ya mifumo kutoka nchi kavu ipo kote huko, na naomba mtu wa kwetu asiseme haya ni mambo ya Kansas.

Idai ya 2019 ilianza kama mgandamizo mdogo karibu na pwani ya Msumbiji tarehe 4 Machi, ikaingia bara siku hiyo hiyo, ikazunguka huko Msumbiji na Malawi ikinyesha na kufurika, watu wakaamini imeishia huko. Tarehe 9 Machi ikarudi Mlango wa Msumbiji, maji ya moto yakaipokea, na usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 ikapiga Beira. Waliokufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walizidi 1,000.

Wa Oman wao wana Shaheen. Kimbunga Gulab kiliingia India upande wa Andhra Pradesh tarehe 26 Septemba 2021, kikadhoofika, kikakata nchi nzima ya India kikiwa ni mvua na radi tu, kikatokea Bahari ya Uarabuni upande wa pili, kikapata nguvu upya na jina jipya, na 3 Oktoba kikaingia pwani ya Batinah. Pwani ile ya kaskazini haikuwa imepigwa na kimbunga namna hiyo tangu 1890. Na Agosti 2024 ikaja Asna, hiyo ilikuwa imekaa juu ya nchi kavu kule Gujarat ikafurikisha miji, Vadodara mamba wa mto Vishwamitri wakawa wanaonekana mitaani kwa watu, kisha tarehe 30 ikasogea baharini na ikawa kimbunga, mwezi ambao Bahari ya Uarabuni haikuwa imepata kimbunga tangu 1976. Kwa hiyo walio Muscat, Sohar na Suwaiq mkisikia mgandamizo mdogo uko juu ya Gujarat au Maharashtra na unaelekea magharibi, fungueni taarifa za New Delhi siku hiyo hiyo, wanazitoa kila siku, nazo ni bure.